Raba Zimefika Dodoma, Bodi Bado

Mbukwenyi watu wa Dodoma, na wengine wote hamjambo. Leo nataka kuzungumzia skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao wengi wetu tumeuona kwenye luninga tu, wakati wa Olimpiki. Najua kuna watakaosema jamaa Ulaya imeshamkolea. Vumilieni kidogo, kuna la kwetu humu ndani.

Mimi ni fundi zege. Kazi hii niliianzia Dodoma, nikibeba ndoo kwenye majengo ya Area D, na ndiyo inayonilisha hapa Malmö, kusini mwa Sweden. Mji huu una skeiti kweli kweli. Jioni za kiangazi, ukikaa na wachezaji wakipumzika, hadithi ni ileile: mchezo wetu umeuzwa. Makampuni makubwa yameingia, Olimpiki imeingia, wazazi wanawaleta watoto na makocha wa kulipwa, na mtu asiyewahi kupanda bodi anatembea na nembo zao kifuani. Wana hoja, ila wanaisema wakiwa wameshashiba. Mimi nikija nyumbani likizo naikuta biashara hiyohiyo imeingia kwa mlango wa nyuma, na kilio changu huko ni kingine kabisa. Kwetu nguo za mchezo zilifika zamani. Mchezo wenyewe haujafika.

Nenda Sabasaba siku belo jipya la mitumba linapofunguliwa. Hutakosa fulana nyeusi iliyoandikwa Thrasher kwa herufi zinazowaka moto. Hilo ni jarida la skeiti lililoanza San Francisco mwaka 1981, na huku vijana wa bodi wanakunja sura wakimwona mtu asiyecheza ameivaa fulana hiyo. Dodoma inavaliwa na kondakta, muuza zabibu, fundi baiskeli, hata mzee wa kanisa siku ya kufyeka majani. Nilimuuliza kijana mmoja wa bodaboda pale Makole fulana yake ni ya nini. Akajitazama kifuani, akasema, "Broo, hawa ni bendi ya Marekani." Mwenzake akakataa: "Bendi wapi! Hiyo kampuni ya gesi, huoni moto?" Abiria akatokea, mjadala ukaishia hapo.

Halafu raba. Vans walianza mwaka 1966 kule Anaheim, California, viatu vikitengenezwa na kuuzwa hapohapo. Watoto wa skeiti wakazipenda kwa sababu soli ni bapa na mpira wake unanata kwenye ubao. Leo Dodoma ni raba za chuo, za send-off, za ibada ya pili Jumapili. Nyingi ni za kuigiza, zimeshushwa Kariakoo zikapakiwa kwenye basi, na mpira wake haunati popote, lakini msitari ule mweupe wa pembeni upo na ndio uliolipiwa.

Kampuni ya VF iliinunua Vans mwaka 2004. Mwaka 2020 ikainunua na Supreme kwa dola bilioni 2.1. Supreme ilianza mwaka 1994 kama duka dogo la mtaa wa Lafayette, New York, nguo zimepangwa kuzunguka kuta ili katikati kijana apite na bodi yake. Mwaka 2024 likauzwa tena, dola bilioni 1.5, kwa EssilorLuxottica, wenye miwani ya Ray-Ban. Yaani kijiwe cha skeiti sasa kiko mikononi mwa wauza miwani. Wenzangu wa Malmö wakifika hapo wanatikisa vichwa. Mimi najiuliza kitu kingine: katika mabilioni yote hayo, kwa nini kilichofika Dodoma ni kitambaa peke yake? Jibu ninaloliona ni rahisi. Fulana haihitaji sakafu. Inavaliwa popote, na aliyeivaa hana haja ya kujua ni ya nini. Bodi inadai mahali, na mahali hapauzwi kwenye belo.

Wala msiniambie Waafrika hatuna mkono wa mambo hayo. Waliokulia Dodoma wanajua vigari vya beringi. Unakwenda gereji, unamwamkia fundi vizuri, unaomba beringi zilizokufa, unazipigilia chini ya kipande cha ubao, halafu unatafuta mteremko wa lami. Kelele zake mtaa mzima unajua umepita. Wamarekani nao walianza vivyo hivyo miaka ya 1950, magurudumu ya viatu vya kuserereka yamefungwa chini ya ubao; kwanza ya chuma, baadaye ya udongo uliogandishwa, na kijiwe kidogo tu kilitosha kumrusha mtu. Kilichobadili mambo ni magurudumu ya plastiki ya yurethini, yaliyoletwa na Frank Nasworthy mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yanashika chini na yanapita juu ya mchanga mdogo.

Mdogo, nasema. Gurudumu la bodi ya mitaani lina kipenyo cha milimita 50 hadi 54 tu, na ni gumu. Sasa angalieni tunavyojenga makao makuu yetu. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikakaa, ikakaa, halafu kuanzia 2016 yakaanza mambo kwa kasi: Mji wa Serikali kule Mtumba, stesheni ya treni ya umeme, barabara ya mzunguko. Nafurahi nikiona. Lakini kila palipo wazi panawekwa pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini. Mimi siichukii pevingi, nimeilaza sana. Maji yanapenya, ikititia unaing'oa na kuirudisha. Kwa bodi ni balaa. Kila kiungo kinagonga gurudumu, na mchanga ambao upepo wa Dodoma unauleta bila kuchoka unajaa kwenye viungo hivyo.

Mpwa wangu alipata bodi kwa njia ya mizigo yangu. Anaiendesha barazani kwa bibi yake, Chang'ombe, kwa sababu baraza lile lina sakafu ya niru. Vijana wa siku hizi wa marumaru hawaijui: saruji tupu inakorogwa kwa maji, inamwagwa juu ya sakafu ikiwa bado mbichi, fundi anapiga magoti na mwiko wa chuma, anasugua hadi inang'aa. Nimefanya kazi viwanja vya skeiti vya Ulaya, na nawaambia kwa mdomo wangu, baraza lile la mama lina uso ambao Malmö wanaulipia pesa nyingi. Tatizo, baraza lenyewe lina hatua chache tu, kisha ngazi, kisha kuku. Na bibi mwenyewe anasema kile kibao kinamtoa kwenye redio.

Malmö haikupata viwanja vyake kwa hisani ya kampuni ya viatu. Mji huu uliishi kwa karakana ya meli ya Kockums. Ilipokufa, kreni yao kubwa iliuzwa Korea Kusini kwa dola 1, ikapakiwa melini mwaka 2002, na wazee wa hapa bado wanalizungumzia hilo kwa uchungu. Kabla ya hapo, mwaka 1998, vijana wa skeiti walikuwa wameshajipanga wenyewe, wakachukua kiwanda cha zamani cha bia wakakigeuza ukumbi wa kuchezea wakati wa baridi, wanauita Bryggeriet. Mwaka 2005 ukafunguliwa uwanja wa Stapelbäddsparken palepale palipokuwa karakana. Mji ulilipa, waliochora na kusimamia zege ni wachezaji. Mwaka 2006 Bryggeriet wakaanzisha na sekondari: hesabu na lugha kama kawaida, na skeiti imo kwenye ratiba. Vans walipoleta mashindano yao ya dunia mwaka 2016 walikuta mji una wachezaji na viwanja vyake. Waliingia kama wageni, wakapachika mabango yao, wakaondoka, viwanja vikabaki. Kwa hiyo wenzangu wanaponiambia biashara imewaua, naona bado wanacheza bure kila jioni.

Msidhani wazungu walizaliwa wanaipenda skeiti. Norway, jirani wa Sweden, walipiga marufuku kuuza na kuendesha skeitibodi kuanzia mwaka 1978 hadi 1989. Vijana wakawa wanaficha rampu, yaani miteremko ya kuchezea, msituni. Nilimkumbuka mpwa wangu, alivyofukuzwa na mlinzi kwenye uwanja mmoja wa mjini kabla hata hajapanda. Kosa lake lilikuwa kushika bodi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. California ilipigwa na ukame mkali mwaka 1976 na 1977. Maji yakabanwa, matajiri wakaacha mabwawa yao ya kuogelea makavu. Vijana wakaruka kuta, wakakuta mabeseni makubwa ya zege laini yenye kingo za kupinda, wakaanza kuzunguka ndani. Viwanja vyote vya mabakuli ninavyovijenga leo vinaiga mabwawa yale yaliyokauka. Wengine, kama kule Albuquerque, walishuka kwenye mitaro mikubwa ya maji ya mvua. Ukame, jamani! Kama kuna watu wa kufundishwa ukame, si Wagogo. Mvua yetu inaanza Desemba, ikijitahidi inafika Aprili, na miezi mingine yote mitaro ya mji iko wazi, mikavu, imelala. Ile ya mawe haifai. Lakini ipo ya zege, kuta zimelalia nje kwa mteremko mzuri, chini pana. Nimepita na kamba yangu ya kupimia, watu wakadhani nimetumwa na jiji kubomoa. Kinachokosekana ni ufagio, kuziba nyufa na kupiga niru vipande vichache. Kwa jua letu na upepo ule, ukimwaga zege asubuhi bila kulifunika kwa magunia ya maji, jioni limeshapasuka; fundi wa Dodoma analijua hilo kuliko Mswedi yeyote.

Kuna hofu moja ya wenzangu wa huku ambayo naichukua kwa uzito. Kwenye Olimpiki, mchezaji wa mitaani anapewa sekunde 45 kwa mzunguko. Mchezo ambao mtu anarudia mruko mmoja mchana kutwa, anaanguka, marafiki wanamcheka, anajaribu tena, umekatwa ukaenea kwenye saa ya televisheni. Sisi tumeshaona kitu cha namna hiyo. Muheme, akina mama wa Kigogo na ngoma zao wamezibana mapajani, ni shughuli ya mambo ya unyago, ina mwanzo wake na kina chake. Lakini mwite mgeni wa heshima Dodoma uone: akina mama wanapangwa pembeni ya zulia tangu alfajiri, gari linasimama, wanapiga dakika chache, mkono unainuliwa, basi. Hata wimbo haujafika katikati. Anayelipa ndiye anayepanga urefu. Hilo litaikuta skeiti ya Dodoma pia ikianzia kwenye jukwaa la mtu.

Lakini siwezi kuitukana Olimpiki sana, maana ilinisaidia. Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa kumweleza habari za mtaro. Akaniuliza, "Ndugu yangu, huo ni mchezo au ni uhuni?" Nikamwambia upo Olimpiki tangu Tokyo mwaka 2021, na aliyechukua dhahabu ya skeiti ya mitaani kwa wanawake alikuwa mtoto wa Kijapani wa miaka 13, Momiji Nishiya. Akavuta kiti. Akauliza serikali ya Japani ilimlipa kiasi gani. Sikujali, maadamu nimekaa.

Ninachokiogopa zaidi ni tamasha. Nimeona michezo mingine ikifanyiwa hivi: kampuni inakuja na rampu ya mbao, spika, mahema yenye nembo, kofia za bure, mtangazaji kutoka Dar. Siku mbili za vumbi na muziki. Jumatatu rampu inapakiwa kwenye Fuso, watoto wanabaki na kofia. Kampala hawakusubiri hilo. Pale Kitintale vijana wa mtaa na marafiki wao walimwaga zege lao mwaka 2006, uwanja ukawa wa kwao. Nairobi nao wana uwanja ndani ya kituo cha watoto cha Shangilia tangu 2013. Kampuni ikitaka kuja Dodoma iseme italeta mifuko mingapi ya saruji. Nembo yao waichore ukutani, ukubwa wowote wautakao, mimi nitawashikia ngazi.

Kaka yangu mkubwa hakubaliani nami. Anasema mtaro ni wa maji, na mtoto akivunjika mkono nani atakesha naye hospitali ya General? La mkono tutanunua kofia ngumu na vikinga viwiko, huku vinauzwa bei nafuu vikiwa vimetumika. La maji yuko sahihi kabisa, kwa hiyo kwenye mchoro nimeandika kwa herufi kubwa: hakuna kucheza kuanzia Desemba, na wingu likionekana upande wa milimani wote wanatoka. Mtendaji anataka barua ya maombi iambatane na makadirio. Bei zangu za saruji ni za zamani. Aliyejenga Dodoma mwaka huu aniambie mfuko unauzwaje, na lori la mchanga linafika Chang'ombe kwa shilingi ngapi.