Weka moto juu

Shangazi yangu wa Kikwajuni, Unguja, ana kipimo kimoja tu maishani: kiasi. Chumvi kiasi, tui kiasi, iliki kiasi. Ukimbana akwambie kiasi gani, anakujibu "kiasi cha kutosha", na hapo mazungumzo yamekwisha. Mtu mwenye akili angeishia hapo, akachemsha tambi zake akala.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2024. Mke wangu alikuwa amekwenda Tanga kumuuguza mama yake, akaniachia nyumba, binti yetu wa miaka tisa, na maagizo mawili: mtoto asichelewe shule, na zile sufuria zake zisisuguliwe kwa waya. Sufuria zenyewe ni seti aliyotunzwa siku ya kichen pati yake. Nyeusi ndani, chakula hakishiki, kila moja na mfuniko wake wa kioo. Miaka kumi na moja zinakaa kabatini, zinatoka kwa ajili ya wageni, kisha zinarudi zikiwa zimefungwa vitambaa kama watoto wachanga.

Kilichoniponza ni mdomo. Kazini palizuka ubishi wa futari, kila mtu anasifia kwao, nami nikasema mkate wa kumimina ni kitu chetu, sisi tumezaliwa nao. Mmoja akauliza kama najua kuupika au najua kuula tu. Nikawaalika palepale. Jumamosi, Mbagala, waje wawili. Nilipofika nyumbani nikamwongeza na mzee mmoja wa msikitini kwetu, kwa sababu aibu ukishaamua kuitafuta huitafuti kidogo.

Shangazi alinitumia maelezo kwa sauti, WhatsApp, dakika moja na nukta chache. Nayaandika kama alivyoyasema, maana nimeyasikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri:

"Loweka mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje, utie kwenye blenda na tui la kasimile na iliki na hamira kijiko. Saga mpaka uwe laini, ukiupapasa usisikie chenga. Uache uumuke. Halafu sukari, ute wa yai moja. Pasha mafuta kwenye sufuria, mimina, funika, moto mdogo. Ukiona pembeni umeshika, weka moto juu mpaka upige rangi. Rahisi huo mwanangu, hata mtoto anaupika."

Mchele niliuloweka vizuri. Sifa hiyo naidai, kwa kuwa ndiyo pekee.

Sukari niliipata duka la tatu. Wanaokumbuka miezi ile wanajua: sukari ilikuwa imeadimika nchi nzima, serikali imetangaza bei elekezi, na bei elekezi na muuza duka hawajawahi kukutana. Kilo nililipa shilingi 4,000 na nikashukuru. Nataja bei ili uelewe kilichokuja kumwagika kilikuwa na thamani gani.

Nazi nilikuna mwenyewe. Binti akakaa pembeni akinihesabia vidole, kila baada ya muda anahakikisha viko kumi. Kisha blenda, kisha hamira. Shangazi alisema kijiko. Nyumba yangu ina vijiko vya aina nne, na mimi nikachukua kile cha kulia wali, kwa kuwa ndicho ninachokiita kijiko. Saa ilikuwa ikisogea, alasiri karibu, unga bado haujaanza hata kufikiria kuumuka. Nikaongeza kijiko cha pili, cha kuharakisha. Na sukari yote nikaimimina hapohapo badala ya kusubiri, nikafunika bakuli kwa sahani, nikaenda kuswali. Baada ya swala nikajinyoosha kidogo kwenye kochi.

Niliamshwa na sauti ya upole kabisa.

"Baba, mkate unatembea."

Nilidhani anaota, au mimi naota. Nikamfuata jikoni. Sahani ilikuwa imenyanyuliwa, imeelea juu ya povu jeupe kama kofia ya mzungu baharini. Unga ulikuwa umeshuka kwenye meza kwa utaratibu, hauna haraka wala hofu, umepitia droo ya vijiko (iliyokuwa wazi), umefika sakafuni, umeimeza kandambili yangu ya kulia na kuiacha ya kushoto. Ulikuwa unapumua. Kila baada ya muda kipovu kinatokea, kinapasuka, pwap, kingine kinafuata.

Kumbe hamira ni viumbe hai. Hilo nilisoma shuleni, nikafaulia, nikalisahau. Ukiwapa sukari na joto la Dar la mwezi wa tatu wanakula na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoututumua unga. Kijiko kimoja cha chai kilitosha kwa mchele ule. Mimi niliwaitia mkutano wa hadhara.

Kilichobaki kwenye bakuli kilikuwa kama nusu. Kilichokuwa mezani nilikizoa nikakirudisha. Kilichokuwa sakafuni sikukirudisha, na ningependa ieleweke hivyo.

Nikatenganisha yai, mara tatu, nikapata ute mmoja. Nikafungua kabati nikachukua sufuria ya kati ya kichen pati. Binti akaniangalia.

"Mama alisema..."

"Mama alisema zisisuguliwe kwa waya. Umeniona na waya?"

Saa kumi na moja na robo nikamimina. Na hapa niseme ukweli, kwa dakika kumi nilikuwa mpishi. Mafuta yalilia shwaa, harufu ya iliki ikajaa nyumba, pembeni ukaanza kushika rangi ya dhahabu, vitundu vikajitokeza juu kimoja kimoja. Kupitia kile kioo cha mfuniko niliuona kama anayemtazama mwanawe wa kwanza hospitalini. Nikawapigia picha wale wa kazini. Wakajibu kwa vidole gumba.

Pembeni umeshika. Nikarudia sauti ya shangazi kuhakikisha: "weka moto juu mpaka upige rangi." Sawa. Nikashika swichi ya gesi nikazungusha mpaka mwisho. Miali ikatoka chini ya sufuria ikapanda ubavuni. Moto ulikuwa juu hasa. Nikakunja mikono, nikasubiri rangi.

Rangi ilikuja, ila kwa chini. Juu uliendelea kuwa mbichi, unatikisika kama maziwa mgando. Nikasubiri tena. Moshi ukaanza kutoka pembeni ya mfuniko, mwembamba, wa buluu. Kutoka ng'ambo ya ukuta jirani yetu, mama mmoja wa Kichaga asiyefunga na asiyependa kupitwa na jambo, akaita:

"Jirani! Leo kwenu mnachoma nyama?"

Nikapiga simu Kikwajuni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, umeshapiga rangi?"

"Chini umeshapiga yote, shangazi. Juu bado uji. Na moto nimeweka juu kama ulivyosema."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa. Mwisho wa swichi."

Kimya. Nikasikia akiweka kitu chini, sufuria au mwiko. Kisha akasema polepole, kama anayemsomea mgonjwa dawa: "Moto juu, mwanangu. Juu ya *mkate*. Makaa unayapalia juu ya mfuniko, chini unaacha kidogo." Halafu sikusikia tena maneno, nikasikia kicheko, na nyuma ya kicheko sauti yake ikiwaita watu: "Njooni, njooni mumsikie huyu!" Simu ilikuwa kwenye spika. Nikawasikia wakija.

Basi ndiyo siri ya mkate wa kumimina. Unga wa mchele ule ni mzito na umelala kwenye sufuria kama vidole viwili unene, na mkate wenyewe hugeuzi kama chapati. Moto wa chini peke yake ukiukoleza utaunguza chini kabla joto halijafika juu, na ukiuweka mdogo juu hautapiga rangi. Ndiyo maana wanaojua wanaupa moto wa pande mbili, chini kidogo na juu mwingi. Wenye oveni wanaumalizia huko. Mtoto wa Kikwajuni anayaona haya tangu hajaanza kutembea, hana haja ya kuelezwa "juu" ni juu ya nini. Mimi nililelewa bara, kwa shangazi nilikuwa naenda likizo, na likizo jikoni nilikuwa naingia mkate ukishakatwa.

Lakini bado ulikuwepo muda. Nikazima gesi, nikapanda kwenye ndoo nikachungulia kwa jirani, nikaomba makaa. Akanipa kwa koleo, mekundu, pamoja na ushauri nisiouomba na pole niliyoistahili. Nikayaleta mbio kwenye karai, nikayapanga juu ya mfuniko vizuri, mzunguko kamili, na moja katikati karibu na kile kifundo cheusi cha kushikia.

Juu ya mfuniko. Ndivyo alivyosema. Hakusema mfuniko uwe wa nini. Na kwa nini aseme? Yeye tangu azaliwe hajui kama kuna mtu anafunika mkate wa kumimina kwa dirisha.

Kifundo ndicho kilichotangulia. Kilianza kulegea, kikainama upande, kikatoa harufu ya waya wa umeme unaoungua. Binti akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Baba, mi' nasimama mlangoni." Mtoto ana hekima. Nami nikasogea, kwa kumfariji yeye.

Paa!

Kioo kile hakikupasuka vipande kama bilauri. Kilisambaratika chote mara moja, punje punje kama chumvi ya mawe, na makaa yote yakaenda chini kwa pamoja. Yakazama kwenye ule uji wa mkate, chwiii, mvuke ukapanda hadi darini. Kisha kimya. Kaa moja tu lilibaki limeelea katikati, linafifia, limezungukwa na vioo vinavyometa.

"Jirani!" ikaja sauti ya ukutani. "Ni salama?"

"Salama!" nikajibu. "Umeshaiva!"

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro kidogo, adhana ni saa kumi na mbili na nusu na ushei. Nikamkalisha binti mbali na jiko, nikampa shilingi elfu moja ya kunyamaza mbele ya wageni, nikatoka mbio kuelekea kituo cha daladala. Pale kuna mama anauza futari kila mwaka: vitumbua, kaimati, na mkate wa kumimina. Nilimkuta anamalizia wa mwisho. Chini ya sufuria yake makaa manne, matano. Juu yake, kwenye mfuniko wa bati uliopinda, mlima mzima wa makaa. Nilisimama nikatazama mpaka akaniuliza kama nina tatizo. Nikalipa elfu tano.

Wageni walifika na tende mkononi. Tukafungua, tukaswali, tukakaa mkekani. Nikaukata mkate mbele yao kwa mkono wa mtu mzoefu. Mmoja wa wale wa kazini akatafuna, akatikisa kichwa: "Leo nimekuvulia kofia. Umechambuka, umeiva chini na juu." Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Binti aliangalia dari.

Mzee wa msikitini alitafuna taratibu kipande chake chote. Akafuta mdomo, akanywa uji wa pilipili manga, ndipo akaniuliza:

"Yule mama wa kituoni hajambo? Nilipita kwake jana, mafua yalikuwa yamembana."

"Hajambo, mzee," nikasema.

Mke wangu alirudi Jumanne. Nilikuwa nimeshaosha kila kitu, kandambili nimenunua mpya, sufuria nimeirudisha kabatini ndani ya kitambaa chake, na juu yake mfuniko wa bati niliouona unalingana. Binti alimpokea begi, na kabla hata begi halijagusa sakafu akaanza tangu mwanzo, pamoja na sauti zote, pwap na chwiii na paa. Nilipomkumbusha makubaliano akasema ile elfu moja ilikuwa ya wageni, na mama si mgeni.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kabatini, akakifungua kile kitambaa, akautazama ule mfuniko wa bati kwa muda. Hakusema kitu. Akakifunga tena, akavua viatu, akaketi kwenye kochi.

"Nimechoka na safari," akasema. "Nichemshie maji ya kuoga. Weka moto juu."

Nikasimama katikati ya jiko, sufuria ya maji mkononi, nikabaki nafikiria.