Mtu mzima namwagilia kangaga

Jamani mtoto wa Lushoto mimi, na ndevu zangu hizi, saa kumi na mbili asubuhi baridi ya Hobart, huku Tasmania, Australia, inakata masikio na mimi nimeshika mpira wa maji namwagilia KANGAGA. Ileile tuliyokuwa tunaifyeka kwa panga tukienda shamba.

Na nimenunua kwa hela! Kibandiko kimeandikwa Blechnum penna-marina, mmea wa hukuhuku milimani, urefu sentimita 20 hivi basi. Muuzaji akanambia kaka hii haina shida, theluji inavumilia. Sawa, sasa mbona haivumilii mimi kusahau maji wikendi moja tu? Inataka udongo mbichi muda wote lakini maji yasituame, yaani ina masharti kuliko mganga. Na msidanganywe eti Tasmania yote mvua, mvua ya magharibi inaishia milimani hukohuko, sisi Hobart tunaangalia tu theluji juu ya kunanyi, mlima wetu wa hapa, huku bili ya maji inasoma.

Halafu kuna ndege mweusi mdomo wa chungwa, mhamiaji kama mimi maana Wazungu walimleta kutoka Ulaya, kila asubuhi anachakura majani makavu niliyotandaza kama kuku wa uswahilini, mizizi yote nje.

Ila kosa kubwa nililifanya mwenyewe. Nikaona vijani vyembamba vimesimama wima katikati, vile vingine vimelala chini vizuri kama vitana, hivi nikigeuza nyuma ni kahawia tupu, nikasema tayari, ugonjwa wa kutu! Nikachukua mkasi nikakata vyote. Bibi jirani akachungulia kwenye uzio, akacheka mpaka akashika kiuno, kumbe ndivyo vinavyobeba spora, vumbivumbi lile ndilo uzazi wenyewe. Nimeihasi kangaga yangu.

Nikampigia mama video, akatazama wee, akauliza, "Mwanangu, hiyo ndo mboga ya huko?" Nikamwambia pambo mama. Kimya. Nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Kazi zimemshinda huyu."

Jana sasa bibi kaniita nione upande wake. Vijani vipya, vyekunduvyekundu, vimejaa pale bomba lake linapovuja. Vishina vimetambaa chini kwa chini vikapita uzio! Kwangu vimebaki viwili, kimoja kimekauka. Bibi ananishukuru eti nimemletea zawadi.