Programu za Nyuma Zisizojua Kufa

Jamani, nani aliwaambia ukiweka alama ya & mwishoni mwa amri, ili programu iendeshwe nyuma, basi kazi imekwisha? Unafunga dirisha la terminali, ishara ya SIGHUP (ya kuziambia programu kuwa terminali imefungwa) inapita, seva chali. Haya, weka nohup, amri ya kuifanya programu ipuuze ishara hiyo. Sasa haifi! Skripti imeshamaliza zamani, mtoto wake, yaani programu iliyoianzisha, bado kaikalia poti 8080, mlango wa mtandao wa seva. Ukiwasha upya unaambiwa anwani inatumika. Inatumika na nani?

Faili la PID lina namba ya kuitambua programu, ndiyo, lakini pengine mfumo umeshaigawa kwa programu nyingine kabisa, na mtu anaipiga kill -9, ya kuua papo hapo, bila kuuliza! Data iliyokuwa inaandikwa je? Kwani kill ya kawaida na trap ya mstari mmoja, ya skripti kujisafisha kabla ya kufa, inauma? Na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ipo, inasimamia, inafufua, inatunza logi. Itumieni basi!