Upepo wa Tela na Dereva Tunayemlaumu Haraka

Tela likipasuka tairi njiani, hukumu hutangulia uchunguzi: dereva kapunguza upepo. Kwa matajiri wengi wenye malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, amri ya yadi ni moja. Matairi yote upepo 120 kwa kipimo cha psi kinachosomwa kwenye geji, kuanzia ya mbele hadi ya ekseli ya mwisho ya tela, na atakayebainika amegusa valvu njiani akatwe kwenye posho. Madereva nao wana maneno yao. Wanasema tela lililojazwa hivyo linaruka likiwa tupu, linaburuza matairi ukikanyaga breki, linaisha matairi katikati wakati pembeni bado pana kashata, yaani meno ya tairi, na linamwadhibu mtu mgongo kutwa nzima. Wanajibiwa kuwa huo ni ujuaji.

Tajiri ana hoja, tena nzito kuliko madereva wanavyopenda kukubali. Nitaifikia. Lakini kwanza tupige hesabu ambayo sijaiona ikibandikwa kwenye ukuta wa yadi yoyote.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kwenye mizani zake mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele yenye matairi mawili, tani 18 kwenye ekseli mbili za difu, zile zinazosukuma gari, zenye matairi manane, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela zenye matairi 12. Hilo ndilo lori letu la kila siku: matairi 22, tani 50. Sasa gawanya. Kila tairi la mbele linabeba kilo 4,000. Kila tairi la difu, kilo 2,250. Kila tairi la tela, kilo 2,000.

Nenda kasome ubavu wa tairi la 315/80R22.5, lililojaa kwenye malori yetu. Mara nyingi utakuta 156/150. Maana yake ni kilo 4,000 likikaa peke yake na kilo 3,350 likikaa pacha, yaani mawili upande kwa upande, kwa upepo wa bar 8.5, yaani kama psi 123 kwenye geji. Basi ile 120 ya tajiri haikuokotwa. Ni namba ya tairi la mbele. Tairi la mbele likiwa kwenye kikomo cha sheria halina hata kilo moja ya akiba, na kwa hilo 120 si suala la maoni. Anayepunguza upepo wa mbele ili usukani uwe laini anacheza na roho yake na ya tingo wake.

Lakini tairi la tela linabeba kilo 2,000 wakati uwezo wake ni 3,350. Ni asilimia 60. Majedwali ya watengenezaji, yale yanayooanisha mzigo na upepo, yanaonyesha kuwa tairi la saizi hii likiwa pacha huhitaji kama psi 75 tu kubeba zaidi kidogo ya kilo 2,000. Sabini na tano! Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuendesha kwenye kikomo hicho, maana jedwali halijui shimo, jua la Mikumi wala valvu inayovuja. Hata hivyo, kati ya 75 na 120 kuna uwanja mpana, na ndani ya uwanja huo ndimo dereva wetu anamosimama anaposema tela liwe 100. Marekani, ambako ekseli mbili zenye matairi manane huruhusiwa pauni 34,000, kila tairi hubeba kama kilo 1,930, karibu sawa na la tela letu. Kampuni nyingi kule hujaza 100, na hiyo tayari wanaihesabu kuwa imewekewa akiba. Kwa hiyo dereva anayekatwa posho kwa kuomba 100 kwenye tela anaadhibiwa kwa jambo ambalo kwingine ni desturi ya kazi.

Geuza safari sasa. Mzigo umeshushwa, tela linarudi tupu. Tela lenyewe lina tani sita au saba, sehemu yake imeegemea kichwa cha lori kinacholivuta, hivyo kila tairi limebaki na kilo 400 au 500 hivi. Na upepo ni uleule 120. Tairi haliwezi tena kulala barabarani. Linakanyaga kwa ukanda mwembamba wa katikati, linadunda kama mpira kwenye kila kiraka. Gurudumu lililoko hewani halishiki breki. Likitua likiwa limefungwa na breki, linasuguliwa mahali pamoja, na baadaye utaona kipara cha ukubwa wa kiganja kwenye tairi lisilo na hata miezi sita. Atokaye Tunduma kurudi Dar anaushuka mlima wa Kitonga katika hali hiyo, mara nyingine kwenye mvua, na tela ambalo mfumo wake wa kuzuia magurudumu yasijifunge uliachwa ufe zamani. Dereva akisema tela linamsukuma na kutaka kumpita kwenye kona, haelezi hisia. Shirika la misitu la Marekani lilijaribu kwa miaka mingi kushusha upepo kwenye malori ya magogo yanayotembea taratibu kwenye barabara za vumbi, na matokeo yalikuwa mtikisiko mdogo, mshiko mkubwa na barabara isiyochimbika haraka. Barabara za magogo si lami ya kilomita 80 kwa saa, nakubali, na huwezi kuichukua namba yao ukaileta Chalinze. Ila kinachotokea kati ya tairi na ardhi ni kilekile.

Kwa mtu wa barabara kuna nyongeza. Majaribio makubwa ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, kule Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambayo hesabu za unene wa lami duniani ziliyategemea kwa miongo mingi, yalitumia malori yenye upepo wa psi 75 hadi 80 tu. Leo tunapitisha 120 na zaidi, kisha tunashangaa mifereji ya magurudumu kwenye vilima.

Hoja ya mafuta ndiyo tajiri huianza nayo na kuimalizia nayo. Tafiti za malori marefu zinakubaliana kwa jumla kwamba ukishusha psi 10 kwenye matairi yote, ulaji wa mafuta hupanda kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Tuichukue hiyo kubwa. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Lori likila lita 50 kwa kilomita 100, safari ya kwenda ni lita 465. Dereva ameshusha psi 20, lakini kwenye tela peke yake, na tela linabeba karibu nusu ya uzito wote. Kwa hiyo ni kama kushusha psi 10 kwa gari zima. Gharama yake haifiki lita tano. Dizeli tuseme shilingi 3,000, ni chini ya shilingi 15,000 kwa safari. Kwa mwenye malori 50 yanayokwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi, zinaweza kukaribia lita 1,000, na hizo si za kudharau. Lakini malori hayohayo yana matairi 600 ya tela, kila moja la laki kadhaa, yanayoisha katikati na kung'olewa vipara kabla ya wakati. Matajiri huandika hasara ya kwanza kwenye daftari la mafuta na ya pili kwenye daftari la matairi, na madaftari hayo mawili hayakutani.

Tena kuna jambo ambalo watu wa barabarani wote wanalijua. Kampuni nyingi humpa dereva mafuta ya safari kwa kipimo, na kinachobaki, kihalali au kwa kufumbiwa macho, huwa chake. Mtu wa kwanza kunufaika na tela gumu linaloteleza kwa wepesi ni yeye. Akiamua kupoteza lita tano zake ili tela litulie, nadhani anastahili kusikilizwa kabla ya kuitwa mjuaji.

Sasa hoja ya tajiri. Yeye hatawali lori moja, anatawala watu wengi asiowaona. Namba moja haisahauliki. Namba tatu zitachanganywa na kijana wa kompresa saa kumi alfajiri. Geji za vijiweni hudanganya. Tairi hupoteza upepo taratibu lenyewe, hata kama halina pancha, na anayeanza na 120 ana muda mrefu kabla ya kufika pabaya. Zaidi ya yote, upepo mdogo ndio unaoua matairi: ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, mpira unaachana na nyaya, na kamba lote la juu linabaki katikati ya barabara likisubiri pikipiki. Tajiri aliyeziona picha hizo hatakubali kirahisi kusikia habari za majedwali.

Na kuna kosa moja la madereva ambalo halina utetezi. Dereva anafika Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, geji inasoma juu sana, anatoa upepo "tairi lisije likapasuka". Tufuate tairi la mbele. Limejazwa 120 Dar, kwenye nyuzi 30. Likichemka hadi nyuzi 70 kwa ndani, geji itasoma kama 138. Hilo ni jambo la kawaida na watengenezaji wamelihesabu. Upepo unaoandikwa kwenye majedwali ni wa tairi lililopoa. Dereva anatoa mpaka geji irudi 120, anapanda Kitonga, analala Makambako. Alfajiri ya Julai, nyuzi 10, tairi lile linasoma kama 99. Lisingeguswa lingekuwa karibu 114. Bado limebebeshwa kilo 4,000, na uwezo wake umeshuka kwa mamia ya kilo. Likiwa tairi la tela, hiyo 99 ingepita salama. Kwa la mbele ni hatari tupu. Hapa ndipo madereva walipojiharibia jina: wana haki kuhusu tela, lakini wanaidai haki hiyo kwa valvu ya mchana, kwenye gari zima, bila kuchagua.

Ubishi wa 120 au 100 unaficha pia tairi ambalo halimo kwenye ubishi kabisa. Mwangalie tingo akizunguka gari na nondo. Anagonga tairi la nje, linalia, anasonga mbele. La ndani, pacha wake, limejificha, valvu yake imepinda nyuma ya rimu, kifuniko hakipo, matope yamejaa. Kulipima unahitaji geji ndefu na subira, na tingo hana kimojawapo. Nondo itakuambia tairi limekwisha upepo kabisa. Haiwezi kukutenganishia 110 na 80. Basi la ndani likilegea, la nje linabeba ya wote wawili, kilo 4,000 kwenye tairi la 3,350, na hilo la nje, lililokuwa na upepo wake kamili, ndilo linalopasuka. Bosi akija anapima lililo zima lililobaki, anakuta upepo mdogo, anasema: si nilisema. Viwandani tairi lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake huhesabiwa limetembea bila upepo. Hufunguliwa, hukaguliwa ndani, na hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa sababu nyaya za ubavu zilizochoka zinaweza kufumuka ghafla na kumuua fundi. Kwenye vijiwe vyetu hujazwa fundi akiwa amelikalia.

Kwa hiyo, mbele 120 na isiguswe, tela 100, difu katikati ya hapo, zote zipimwe alfajiri gari likiwa baridi, pamoja na za ndani. Kijana wa kompresa ataziweza namba tatu zikiandikwa kwa rangi juu ya kila tairi, kama zinavyoandikwa namba za tela. Amri ya kukata posho ifutwe, kwa sababu imewafundisha madereva kutoa upepo kwa siri, na siri hufanyika mchana, tairi likiwa la moto, mahali ambapo hapana mtu wa yadi. Afadhali fedha hiyo inunue geji ndefu moja kwa kila gari.

Ulaya imelazimisha vihisi vya upepo kwenye aina mpya za malori na matela tangu Julai 2022, na kwenye yote mapya tangu Julai 2024. Vichwa hivyo vitatufikia vikiwa mitumba, kama vilivyotufikia vilivyotangulia, na vikihudumiwa vitamwonyesha bosi tairi gani lililegea na saa ngapi. Mpaka hapo, tela lililopita mizani za Vigwaza, Mikese na Makambako bila kuzidisha uzito linabebwa na 100, na chenji inabaki. Tajiri anayeshikilia kwamba tela lake haliwezi kutembea na chini ya 120 atueleze amepakia nini.