Ngozi ya Sh 45,000

Kitu chenyewe ni kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Upana milimita 13, unene haufikii hata biskuti ya mtoto. Lakini tangu wiki iliyopita, nyumbani kwangu nina kikombe changu peke yangu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na mtoto akikigusa anaitwa kwa majina yake yote mpaka la babu.

Mimi nacheza pool. Kijiwe chetu Buguruni kina meza moja, mguu wake mmoja umepandishwa juu ya tofali, na mgeni akija tunamwacha agundue mwenyewe mteremko uko upande gani. Mchezo mmoja Sh 500. Tangu ule mwaka 2016, hayati Magufuli alipowasema vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, mwenye meza hafungui kabla ya saa 10 jioni. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mimi ni mvivu. Mimi nakaa stoo ya vifaa vya ujenzi kutwa nzima, nahesabu misumari.

Fimbo ninayo yangu, ya vipande viwili vya kuunganisha kwa skrubu, niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Nikipanda nayo daladala, konda ananiuliza leo tunapiga wapi. Ngozi ya kwenye ncha, pale panapogonga mpira, ilikuwa kuukuu, ngumu kama mkate wa juzi na bapa kama chapati. Siku zote nilicheza nayo, na nilikuwa nashindwa kwa heshima zangu.

Sasa siku hiyo nimebakiza mpira mweusi tu, ule wa kumalizia mchezo. Umekaa mdomoni mwa shimo, unasubiri kusalimiwa. Nikapaka chaki, nikainama, nikapiga. Kwach! Ncha ikateleza, mpira mweupe ukakata kona kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka, ukaingia shimo la pembeni. Dogo mmoja anayechomelea mageti, hana hata ndevu, akamaliza meza yote huku anatafuna muwa. Kisha akanipa mkono: "Pole, babu."

Babu! Nina miaka 43.

Fundi anayetengeneza meza za pool alikuwepo. Akaichukua fimbo yangu, akaitazama ncha, akasikitika kama daktari. "Kaka, mkono wako hauna tatizo. Tatizo ni ngozi." Maneno matamu kama hayo sikuambiwa hata siku ya harusi yangu. Nikamwagizia soda papo hapo.

Akaanza darasa. Kwamba zamani fimbo zilikuwa mti mtupu, ukipiga pembeni ya mpira unateleza. Akaja Mfaransa mmoja, François Mingaud, mwanzoni mwa miaka ya 1800, akaweka ngozi kwenye ncha, na tangu hapo mpira ukaanza kuzungushwa, kurudishwa nyuma, kupelekwa utakako. Inasimuliwa kwamba aliyagundua hayo akiwa gerezani, kwenye gereza lenye meza, na kifungo chake kilipoisha akaomba aongezewe siku ili aendelee kujifua. (Nilipomsimulia mke wangu, akauliza: "Na huyo naye alikuwa na mke?" Sikumjibu. Naamini lilikuwa swali la kweli.)

Hata chaki, fundi akasema, si chaki. Tangu 1897 kile kijiwe cha bluu kinatengenezwa kwa mchanga laini na unga unaokwaruza kama wa msasa. Ndiyo maana siku ile tulipotumia chaki ya ubaoni, ya binti yangu, kila mtu aliteleza mpaka tukashukiana uchawi.

Ngozi yangu, akaendelea, ni ya kipande kimoja kilichoshindiliwa. Ikichoka inatanuka pembeni kama uyoga. Ninayotakiwa kuwa nayo ni ya tabaka, ngozi nyembamba nyembamba zilizogandishwa pamoja, kazi ya Wajapani. Anayo moja. Sh 45,000.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ncha inagusana na mpira kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hilo pia alinifundisha yeye mwenyewe, na bado nikatoa hela. Mke wangu, Mama Swaumu, ndiye aliyefanya hesabu kwa lugha ya kueleweka: "Kilo 15 za mchele umeweka kwenye kichwa cha fimbo."

Nikasema nitaibandika mwenyewe, maana gundi na msasa ndiyo maisha yangu. Nilianza baada ya isha. Kukwangua ile ya zamani kwa wembe, kusawazisha, gundi tone moja, kuigandamiza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kusubiri. Kisha kupunguza pembeni, kisha kuipinda juu kwa msasa mpaka iwe na mviringo kama kofia. Kazi ya subira. Mwisho kabisa, fundi alielekeza: "Pembeni pake palowanishe kwa mate, halafu sugua kwa nguvu mpaka pang'ae. Ndipo haitatanuka."

Nikalowanisha. Mwanzo kwa kidole. Baadaye nikaona kidole kinachelewesha kazi, nikawa naiweka ulimini moja kwa moja. Nasugua, nalamba, nasugua. Nusu saa nzima. Mke wangu akaamka kunywa maji, akanikuta sebuleni gizani na fimbo mdomoni, akarudi kulala bila kusema neno. Ni mwanamke mwenye subira, nakiri.

Jamani, ile ngozi! Kesho yake nilipopiga mara ya kwanza, hata mlio ulibadilika. Ile ya zamani ilikuwa inalia ko, kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Hii inasema tup, kama embe bivu linaloanguka kwenye nyasi. Nikapiga chini ya mpira mweupe, ukagonga, ukasimama kidogo, ukarudi nyuma mpaka kwangu kama mtoto aliyeitwa kula. Kijiwe kizima kikanyamaza. Nikarudia, ukarudi tena. Nikamfunga dogo wa mageti michezo mitatu mfululizo, na ule wa tatu nilimwambia "pole, mjukuu."

Watu wakaanza kuiomba waijaribu. Hata Maalim, ambaye huja kijiweni kununua vocha tu, ila vocha yenyewe humchukua saa mbili kuikwangua, naye akasema aipige mara moja. Akapiga, ikaingia. "Mashaallah," akasema, "nyepesi." Kifua changu kilikuwa hakitoshi kwenye shati.

Basi dogo wa mageti, roho inamuuma, akaokota kile kipakiti cha ngozi nilichokuwa nakionyesha watu. Akatoa simu, akakipiga picha ili imtafsirie. Kijana wa siku hizi akifungwa hatafuti mazoezi, anatafuta ushahidi.

"Babu," akasema, "hapa wameandika ngozi ya nguruwe."

Maalim aliiachia fimbo kama imemuuma.

Nikasema hiyo simu haijui Kiingereza. Wakaleta simu ya pili. Ikasema vilevile. Mangi mwenye duka, mtu wa Kibosho, alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani kitimoto imefika mpaka kwenye pool!"

Nikamgeukia Maalim. Nikajitetea kwamba ngozi si ilishadabaghiwa, ikasafishwa kwa dawa zake, na tulifundishwa madrasa kwamba ngozi ikidabaghiwa inatwaharika, haiwi najisi tena? Akanitazama kwa huruma. "Ngozi zote, isipokuwa za wawili. Mbwa, na huyo." Lakini akawatuliza wengine: kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Mpira ulikuwa mkavu, chaki kavu, meza kavu. Yeye mwenyewe alishika mti tu, tena mikono mikavu. Hakuna mwenye neno.

"Labda tu," akasema, "awe yupo aliyeigusa ikiwa imelowa."

Nilihisi ulimi unavimba. Ningeweza kunyamaza, Mungu ndiye anajua yaliyomo vifuani. Tatizo ni Swaumu, mwanangu, alikuwa amekuja kuniita chakula. "Baba alikuwa anailamba," akasema. "Mama alimwona."

Dawa ilikuwa kuosha mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Mikono ni rahisi. Mdomo, ndugu yangu, usiuone hivyo. Nilisukutua nyuma ya nyumba mbele ya wapangaji wote, na udongo wa Buguruni unaujua una nini ndani. Mswaki ukatupwa. Ndipo kikombe kikafungwa uzi, ingawa Maalim alisema nimeshatwaharika. Mama Swaumu anasema yeye si Maalim.

Ilibaki fimbo. Kuiosha haiwezekani, ngozi ya tabaka ikilowa inafumuka kama kitabu kilichonyeshewa, na ya nguruwe hata ukiiosha inabaki ya nguruwe. Kuikwangua nitupe, Sh 45,000, roho ilikataa. Mangi akajitolea kunisaidia, kwa moyo safi kabisa: achukue fimbo yangu yote, anipe yake, na aniongezee Sh 10,000. Nilikubali. Ukiwa na udongo mdomoni hupatani bei vizuri.

Sasa kila jioni Mangi ananifunga kwa fimbo yangu mwenyewe. Mpira unarudi nyuma, unasimama, unamnyenyekea. Na kila akishinda anaibusu ile ncha, mwaa, huku ananiangalia. Fundi nimemtafuta, simu yake haipatikani.

Ya Mangi niliyopewa ni ngumu, bapa, inateleza. Nikajipa moyo kwamba angalau ni halali. Juzi wazo likanijia, nikamuuliza hii ngozi ya mnyama gani. Akasema hajui, alibandikiwa na fundi viatu pale stendi. Nikaenda. Fundi viatu akaitazama, akakumbuka: aliikata kwenye kiatu kimoja cha mtumba, cha kizungu, kizuri sana, kilikosa mwenzake.

"Kiatu cha ngozi gani?" nikauliza.

"Mzee, kimetoka Ulaya. Mimi nitajuaje?" Akainama, akaviangalia vya kwangu nilivyovaa. "Kama hivyo hivyo vyako. Navyo si mtumba?"

Nilirudi nyumbani pekupeku. Nilipofika mlangoni, Mama Swaumu aliitazama miguu yangu, akaenda kutafuta uzi.