Shirika la Ndege Limepoteza Begi, Majirani Ndio Waliolipa

Wiki iliyopita shirika la ndege lililopoteza begi langu nilipokuwa nikirudi Manchester kutoka Dar es Salaam liliniandikia barua pepe fupi ya kuniomba radhi, na muda si mrefu fedha zikaingia benki. Hazikuwa nyingi, na nitaeleza kwa nini, lakini nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja, kwa sababu sikumpigia mtu simu, sikumpitia mtu nyumbani kwake, wala sikumtafuta mpwa wa fulani anayefanya kazi uwanja wa ndege. Niliandika, nikajibiwa. Furaha hiyo iliingia doa nilipozungumza na shemeji yangu wa Mbagala, ambaye alikuja huku kututembelea, akarejea nyumbani kwa shirika lilelile, akabadilisha ndege katika uwanja uleule, na begi lake halijaonekana hadi leo. Yeye kila akienda ofisini kwao anaambiwa aje Jumatatu.

Nawasikia tayari wanaosema kwamba huyu naye ameanza, ameishi kwa watu miaka michache na sasa kila kitu cha nyumbani kinamnukia. Naomba wanisikilize kwanza. Mizigo inapotea huku kama inavyopotea kwingine, na karani wa dirisha la mizigo niliyemkuta usiku ule hakunionea huruma hata chembe: alinipa fomu ya taarifa ya upotevu, akanipa namba ya faili, akamwita anayefuata. Huko nyumbani shemeji alipokewa vizuri zaidi. Alipewa pole, akapewa kiti, akaulizwa habari za safari na za watoto. Kitu pekee ambacho hakupewa ni karatasi.

Kinachoniudhi ni kwamba sheria yetu sote wawili ni moja. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mkataba wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, ulioanza kutumika Novemba 2003, unaifunga Tanzania kama unavyoifunga Uingereza, na haumuulizi abiria pasipoti yake ni ya rangi gani. Kifungu cha 17 kinasema kwamba begi lililokabidhiwa likipita siku 21 bila kufika, abiria anaweza kudai kama begi lililopotea, hata kama shirika linaendelea kuahidi kwamba linalitafuta. Kifungu cha 22 kinaweka kikomo cha fidia, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa kila abiria. SDR ni kipimo cha thamani kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takriban dola 2,000 za Marekani. Kabla ya hapo kilikuwa 1,288, kwa kuwa kikomo hupitiwa kila miaka mitano kulingana na mfumuko wa bei.

Sasa, shemeji yangu aliambiwa nini? Aliambiwa kwamba begi hulipwa kwa kilo, dola 20 kila kilo, na kwa kuwa lake lilikuwa na uzito wa kawaida asitegemee makubwa. Hesabu hiyo ya kilo inatoka katika Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, uliotangulia ule wa Montreal, na katika safari yake, kutoka nchi mwanachama wa Montreal hadi nchi mwanachama wa Montreal, uzito wa begi hauna kazi yoyote. Tena kifungu cha 26 kinasema wazi kwamba sharti lolote la mchukuzi, yaani shirika la ndege, linaloshusha kikomo hicho ni batili. Sidhani kama karani alidanganya kwa makusudi. Alirudia alichokikuta, na shemeji akakubali kwa sababu kilisemwa kwa upole.

Hapo ndipo ilipo tofauti ninayoizungumzia, na nisingependa ikuzwe kuwa tofauti ya Ulaya na Afrika nzima. Nyumbani tunadai kwa mdomo. Tunakwenda wenyewe, tunasimama mlangoni, tunaeleza, tunabembeleza, tukichoka tunamtafuta mtu wa ndani. Barua yenye tarehe na nakala inaonekana kama ugomvi, na anayeiandika huambiwa amekuja kwa shari. Ilhali kifungu cha 31 cha mkataba huohuo kinataka malalamiko yawe ya maandishi: siku saba kwa begi lililofika limeharibika, siku 21 kwa begi lililofika kwa kuchelewa, zikihesabiwa tangu ulipolipokea. Ukizimaliza siku hizo ukizungumza na watu wazuri wenye kukupa pole, mbele ya sheria hujalalamika. Kwa begi lililopotea kabisa muda ni mrefu zaidi, miaka miwili ya kufungua shauri, lakini miaka miwili ya Jumatatu huisha pia.

Usiku ule shemeji alipofika Mbagala mikono mitupu, habari zilitangulia kabla hajavua viatu. Kufikia asubuhi alikuwa na mashati, suruali mbili, kanzu ya kwendea Ijumaa, na jirani mmoja aliyempa hata mkanda. Dada zake walichanga kufidia zawadi za watoto zilizokuwa ndani ya begi. Mimi huku nilifika usiku wa baridi, nikafua shati moja na kulikausha juu ya kipasha joto, na jirani ninayepakana naye ukuta hajui hadi leo kwamba nilipoteza kitu. Naona fahari kutoka katika watu wa namna hiyo, na nisingekubali kuwabadilisha na mtu yeyote. Lakini nikiitazama hesabu ile kwa jicho kavu, naona kwamba deni la kampuni yenye ndege za mamilioni ya dola lililipwa na muuza genge na fundi cherehani. Kwa kuwa tunasaidiana haraka, kidonda kinapona kabla ya kudai, na aliyekijeruhi hapati hata usumbufu wa kufungua faili. Ukarimu wetu umekuwa bima ya bure ya mashirika ya ndege.

Nikisema hivyo naambiwa nataka watu waache undugu wawe kama Wazungu. Wapi nimesema hivyo? Mashati yapokelewe, na barua iandikwe.

Huku nako kuna kero ambayo wenzetu wa nyumbani hawaioni. Waliponitaka nithibitishe vilivyokuwamo, walitaka risiti. Risiti ya kanga za Kariakoo! Ya mchele wa Kyela niliopewa na mama mkwe, ya karafuu, ya gauni alilolishona fundi kwa vipimo alivyotumiwa kwa simu. Ndiyo, nalikumbuka tangazo la Mamlaka ya Mapato: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti; lakini hakuna mama mkwe anayetoa risiti. Viatu vilivyokuwa na risiti walivikata uchakavu, kana kwamba vilipotea vikiwa vinatembea. Vitu nilivyotumwa kuwapelekea wengine vilizua swali kwamba mwenye hasara ni nani. Ndiyo maana nilicholipwa hakikufika hata nusu ya kikomo, kwa kuwa SDR 1,519 ni dari tu, na chini ya dari hiyo unalipwa unachoweza kukithibitisha. Kwa hiyo asije mtu akanihesabia utajiri.

Wala sitaki kuwavisha joho la wema. Nilijibiwa kwa sababu shirika linajua kwamba hapa England ninaweza kulifungulia madai madogo mahakamani, yenye thamani isiyozidi pauni 10,000, kupitia intaneti na bila wakili, na kwamba kutuma mtu wa kunijibu kunagharimu zaidi ya begi lenyewe. Hiyo si tabia ya Kizungu, ni mahesabu. Majirani zetu Wakenya wameiona njia hiyo: Mahakama yao ya Madai Madogo ilianza kazi mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Kwetu Tanzania lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni pamoja na kupokea malalamiko ya abiria. Nimewauliza watu wengi wanaosafiri kila mwaka kama wanalijua, na nimejibiwa kwa kuulizwa liko mtaa gani.

Nimemwandikia shemeji barua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yenye namba ya tiketi, namba ya kibandiko cha begi, orodha ya vitu na thamani zake, vifungu vya 17 na 22, na namba ya akaunti ya benki. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi iliyoanzia Dar es Salaam, maana yake mwisho wa safari yake ni Dar es Salaam, na mahakama za hapo zina mamlaka ya kumsikiliza. Ameniambia barua ni nzuri sana, ila kabla ya kuipeleka angependa kwanza amwone mtu wake pale uwanja wa ndege. Nimemwambia amwone, amsalimie, na akitoka hapo apite ofisini akagongewe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe katika nakala yake, kwa sababu miaka miwili inahesabiwa tangu siku ndege ilipotua.