Mji wa maji mafu

Kwetu Bagamoyo ukisema maji mafu, mvuvi anakuelewa papo hapo: ni siku zile bahari haijai sana wala haitoki sana, mpaka bamvua irudi. Huu ni mwaka wangu wa sita katika mji ambao jina lake zima ni hilo. Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa, kwenye delta ya mto Rhône. Ila wao walimaanisha vinamasi, maji yaliyotuama. Bahari yao yenyewe karibu haina kupwa wala kujaa. Nilipofika nilikaa ufukweni Le Grau-du-Roi asubuhi nzima nikingoja maji yatoke, mtu mzima na akili zangu.

Ndugu zangu wakiona picha za ukuta wa mji huu husema, "Wazungu wanajua kutunza." Hapo ndipo tunapobishana. Mfalme Louis wa 9 alikuja hapa miaka ya 1240 kwa kuwa hakuwa na bandari yake kwenye Mediterania. Marseille ilikuwa ya mtawala wa Provence. Akapata ardhi kwa watawa, akajenga mnara, na mwaka 1248 akapakia majeshi kwenda vita vya Msalaba. Mwaka 1270 akasafiri tena, akafia Tunis. Ukuta, zaidi ya kilomita moja na nusu, ni kazi ya mwanawe na mjukuu wake. Meli zilifika kwa mifereji iliyokatiza mabwawa, na mifereji hiyo haikuisha kujaa mchanga. Mwaka 1481 Provence ikawa ya mfalme wa Ufaransa, na mwenye Marseille ana haja gani na mfereji wa matope? Kwa maoni yangu ukuta ulipona kwa umaskini tu. Hakuna aliyetaka nafasi ya kujenga kitu kingine.

Kaole, mji wa magofu jirani na Bagamoyo, nao uliishia hivyo, mikoko ikaziba bandari. Bagamoyo yenyewe Wajerumani waliihama 1891 wakapeleka makao yao Dar es Salaam, maana meli kubwa hazikuweza kusogea kwetu. Tofauti ninayoiona ni kwamba hapa watu bado wanalala ndani ya ukuta, wanaanika nguo, wanagombania maegesho. Kaole tunakata tiketi, tunaona misikiti miwili na makaburi, tunarudi nyumbani.

Kilichowabakiza ni chumvi. Majaruba yanaanza ukitoka tu langoni, na kiangazi maji yake huwa ya waridi kwa sababu ya viumbe vidogo vya majini vinavyopenda chumvi kali. Upepo wa kaskazini unakausha, jua linamalizia, flamingo wamesimama katikati kana kwamba wanasimamia kazi.

Ila waulize pia ni nani aliyeivuna. Kiongozi wa watalii alitusimulia nusu saa kuhusu Marie Durand, aliyefungwa mnarani kwa sababu ya Uprotestanti wake tangu 1730 mpaka 1768. Akaongeza maiti za askari wa kale wa Burgundy zilizokaushwa kwa chumvi, na hapo nadhani chumvi aliitia yeye mwenyewe. Kuhusu Agosti 1893 hakusema neno. Mwezi ule vibarua wa Kiitaliano wa majaruba haya walishambuliwa na wenyeji na vibarua wenzao Wafaransa, wakauawa wasiopungua wanane, na washtakiwa wote wakaachiwa huru. Nilipomuuliza, alitazama saa yake. Mimi mgeni anayefanya kibarua hapa, habari niliyoihitaji ni hiyo.

Nilitaka kumlaumu, nikakumbuka kwetu. Habari za utumwa Bagamoyo tunawasimulia wageni kwa Kiingereza kizuri. Nyumba ipi mtaani kwetu ilikuwa na watumwa, wajukuu zao ni akina nani, hilo barazani kwa bibi sikuwahi kulisikia. Na Wafaransa tuliwajua mapema, mapadre wao walifungua misheni yetu mwaka 1868. Hapa sijakutana na mtu anayelijua hilo.

Mwaka jana nilimpelekea mama mdogo kikopo cha chumvi ile inayoenguliwa juu ya maji kwa mkono. Bei nilimficha. Baada ya shikamoo akaniambia ameionja.

"Nzuri, mwanangu. Lakini si chumvi tu hii?"